Vidole Gumba vya Dada

Hebu niseme mapema ili tusije kulaumiana: shemeji yangu ana kichwa kigumu. Nimefanya kazi na wabishi, na mmoja nilimkubali hata akanioa, lakini huyu amewazidi wote. Alikuwa na kidonda kwenye kigutu cha mguu wake uliokatwa, na daktari alishamwambia waziwazi kwamba kikifika mfupani itabidi amkate tena, safari hii juu ya goti. Mtu mwingine angeangua kilio palepale. Yeye alisema, "Asante, daktari," akavaa mguu uleule wa bandia uliokuwa unamchubua, akarudi kwenye benchi lake kuwatengenezea watu miguu.

Asiyeijua kazi yetu atauliza, goti lina nini? Lina kila kitu, mwenzangu. Aliyekatwa chini ya goti huinuka kitini mwenyewe, hupanda ngazi, husimama benchini kutwa. Akikatwa juu ya goti akiwa na mvi kama za shemeji, mara nyingi huishia kukaa. Na shemeji angekaa wapi? Nyumbani, peke yake, anatazamana na ukuta. Mtoto hakujaliwa, mke hana tena. Alichobaki nacho ni benchi, tupa zake na sisi. Kumtoa karakana ilikuwa ni kumzika, bado kumfukia tu.

Karakana yenyewe iko nyuma ya hospitali, ukishapita pale shuka zinapofuliwa. Ina vyumba vitatu vinavyofuatana. Cha kwanza ni cha plasta, kina ndoo, sinki lililoziba na kiti kirefu cha mgonjwa. Cha kati kina mabenchi, oveni na vumbi jeupe ambalo hata ulifagie vipi kesho limerudi. Cha mwisho kina kioo kirefu na reli mbili za chuma ambazo mtu huzishika akijifunza kutembea. Mimi na cherehani yangu tuko mlangoni mwa kile cha mwisho. Nashona mikanda ya miguu ya bandia, na ya vile vyuma wanavyofungwa watoto wenye miguu dhaifu. Nilipokaa naona pande zote, na mdomo wangu unafika kote.

Shemeji watu wanamwita Taratibu. Ni neno lake kwa kila mgonjwa: "Taratibu, baba. Taratibu, mama, mguu haukimbii." Ni jina la utani, limemkaa mpaka hata mshahara akiitiwa anaitwa hivyo. Mimi simwiti Taratibu. Namwita shemeji, maana alimwoa dada yangu, na kwa haki hiyo namtania nitakavyo. Siku hizi ni shemeji bila dada. Neno limebaki, aliyetuunganisha ameondoka, nasi hatukutafuta neno jingine.

Chumba cha plasta kilikuwa cha dada. Mgonjwa alikaa kwenye kile kiti kirefu, akavishwa soksi nyembamba kwenye kigutu, kisha dada akazungusha bendeji iliyolowa plasta kutoka chini kwenda juu, akiongea naye habari za kwao, za mvua, za jirani, ili mwili ulegee. Plasta ikianza kushika, aliweka vidole gumba vyake viwili chini ya pia ya goti, kimoja huku na kimoja huku, akaminya na kutulia. Hapo ndipo mwili unapokubali kubebwa. Ukiminya vibaya, mtu atatembea na maumivu mpaka mguu uchakae.

Ile bendeji ikikauka huvuliwa, hujazwa plasta ndani, na hutoka umbo jeupe la kigutu lenye vibonyeo viwili, alama za vidole. Umbo hilo husuguliwa kwa tupa, kisha plastiki iliyolainishwa kwenye oveni hulazwa juu yake. Ikipoa, tunapata ile sehemu ya juu ya mguu ambamo kigutu kinaingia, sisi tunaiita kikombe. Na umbo lililobaki ndani huvunjwa kwa patasi, vipande vikazolewa na taka. Kila umbo huvunjwa, halina mwenyewe. Tungeweka wapi vigutu vyote vya watu?

Siku ya kujaribu mguu, mgonjwa husimama kati ya zile reli, na dada alikuwa na swali lake moja: "Unasikia nini?" Si kama anaumwa, si kama anaupenda. Anasikia nini. Mmoja atasema panamfinya hapa, mwingine panacheza pale, na mguu unarudi benchini. Mpaka siku mgonjwa anatembea, anageuka, anasimama, anashangaa mwenyewe, anasema, "Sisikii kitu." Basi! Dada alianza kupiga makofi, nasi wote, aliyeshika msumeno na aliyeshika sindano, tuliacha kazi tukapiga makofi. Mguu uliokaa sawasawa hausikiki, mwenyewe anausahau. Ikawa ndiyo desturi yetu, na hata wa ofisini wakisikia makofi wanajua kuna mtu amepona.

Shemeji alikuja kama mgonjwa. Alikuwa utingo wa lori, kijana mwenye mabega, mwenye matusi mengi. Lori lilirudi nyuma yeye akiwa anaweka jiwe chini ya tairi. Akaletwa kwetu na magongo mawili na hasira ya kutosha watu kumi. Dada akamfunga plasta, mguu ukatoka, akamsimamisha kwenye reli.

"Unasikia nini?"

"Nasikia njaa," akajibu, uso umekunjwa.

Dada akacheka mpaka akashika ukuta. Nadhani palepale ndipo mambo yalipoanza. Mguu ulikaa vizuri, lakini bwana huyu akawa harudi kwao. Leo mkanda umelegea, kesho mkanda unabana. Nikamwambia, "Wewe, mkanda huo nimeshona mimi, haulegei ovyo! Sema unachotaka." Akatazama chini. Kilichofuata, ameomba kazi ya kufagia plasta. Baadaye akashika tupa, na mkono ukawa mwepesi kuliko wa waliomtangulia. Wakaoana. Yeye akawa wa umbo, dada wa plasta, na mimi mlangoni kwangu wa kusikiliza vicheko vyao kutoka vyumba viwili.

Sasa sikiliza jambo moja la kazi hii. Fundi hawezi kujifunga plasta mwenyewe. Akiinama kuzungusha bendeji, msuli unakaza, kigutu kinabadilika, umbo linatoka la uongo. Lazima akae, alegee, ajiachie mikononi mwa mtu. Kwa hiyo kila mguu aliovaa shemeji ulianzia kwenye mikono ya dada. Akisema "Sisikii kitu," tulipiga makofi, na dada alimwinamia kama mcheza ngoma aliyetuzwa.

Mguu wa mwisho dada alimfunga akiwa tayari mgonjwa. Damu ilikuwa imemwishia mwilini, mikono inatetemeka. Tulimkataza. Akasema, "Mume wangu nani amfunge, nyie?" Alipofika pale pa kuminya, mikono ikawa haitulii, naye ili itulie akaminya kwa nguvu zote zilizobaki. Umbo lilipotoka, vibonyeo vilikuwa vya kina mno. Hata mimi wa mikanda niliona. Dada mwenyewe akamwambia, "Jaza kidogo hapo, usugue. Nimezidisha."

Shemeji hakujaza, wala hakusugua. Mtu ambaye hajawahi kuacha kosa la upana wa unywele kwenye mguu wa mgonjwa!

Siku ya kujaribu, dada alikaa kwenye kiti kando ya kioo, amejifunika shali ingawa kulikuwa na joto. Shemeji akatembea, akageuka.

"Unasikia nini?"

"Nasikia vidole vyako."

"Basi haujakaa sawa. Urudie."

"Umekaa," akasema. "Niache nao."

Hatukupiga makofi siku ile. Mikono yetu ilibaki hewani, kisha kila mtu akarudi kazini. Dada hakufunga mgonjwa mwingine baada ya huyo. Alilazwa, na hakutoka hospitali akiwa hai.

Nisiseme sana habari za msiba. Niseme za baadaye, maana msibani watu wapo. Ni baadaye ndipo nyumba inapokuwa kubwa. Shemeji alirudi kazini, akasema taratibu zake, akafunga benchi jioni, akaenda zake. Nilikuwa napita kwake siku za mapumziko kumpelekea chakula. Sebule yao ina meza moja na viti viwili. Siku ya kwanza nilipoingia nikakuta kiti cha dada kimekaliwa na mguu. Ndiyo, mguu wa bandia, umesimamishwa kitini, umeegemezwa vizuri, umeelekea kwake. Yeye kakaa ng'ambo ya meza na suruali imekunjwa, anakula.

"Shemeji, hiki nini?"

"Nimeuweka tu. Sakafuni kuna unyevu."

Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Nikanyamaza, na mimi kunyamaza si kazi ndogo. Niliporudi chumbani kwangu niliwasha redio nikaiongeza sauti. Mimi pia niko peke yangu, msidhani. Niliachika zamani, nikazoea. Lakini mimi nina mdomo, nikizidiwa nagombana na mtu, hata muuza mkaa. Yeye hana hata hicho.

Mwili ni kitu kinachobadilika. Kigutu hupungua, hasa mtu anapozeeka na kula chakula cha baridi. Shemeji alianza kuvaa soksi moja zaidi ndani ya kikombe, kisha ya pili, kisha nikawa nikiona anavimba pale juu kama aliyeficha mkate. Kikombe kilikuwa kimekuwa kikubwa, kigutu kikawa kinazama na kucheza ndani yake. Ngozi ikachubuka pale chini ya goti, pakawa kidonda, kidonda kikagoma kufunga. Daktari akamwita, akamwambia yale niliyokwisha kusema. Alimwambia kwa upole, tena akaongeza, "Mzee, wewe unawaambia wenzako kila siku kwamba kigutu kikibadilika mguu ubadilishwe. Badilisha wako."

Mtu wa kumfunga plasta tulikuwa naye. Baada ya dada, waliletwa wawili wakaondoka, akaja huyu tunayemwita Mgeni. Amekaa nasi siku nyingi sasa, amezalia hapa, na bado anaitwa Mgeni. Ni mwanamke mkimya, mikono yake baridi, lakini kazi anaijua barabara. Siku ile daktari alipomwita shemeji, Mgeni alimfuata benchini.

"Mzee, nimeshaloweka bendeji. Tukimaliza na huyu bwana, tukufunge."

"Kesho," akasema shemeji.

Kesho akasema ana kazi ya haraka. Siku iliyofuata akasema kidonda kinapona, akakanyaga mguu kuonyesha, nikaona uso ulivyobadilika rangi. Mgeni alikuja kwangu, akaketi kwenye kibao changu.

"Mama, ananikataa kwa sababu gani? Nimemkosea?"

"Hujamkosea. Ana kiburi."

Hivyo ndivyo nilivyoamini, na roho iliniuma kwa hasira. Nilimwambia mbele ya wagonjwa, "Shemeji, unataka kukatwa? Sema tukuandalie kiti cha magurudumu!" Akanipa kisogo, akaendelea kusugua.

Halafu asubuhi moja akaingia na mguu mpya.

Mpya kabisa! Plastiki inang'aa, kingo zimelainishwa, soksi moja tu ndani. Karakana ikafurahi. Mgonjwa mmoja akamshika mkono kumpongeza. Shemeji akapita kati ya zile reli bila kuzishika, akaenda akarudi. Mgeni akamuuliza kwa heshima, "Unasikia nini, mzee?"

"Uko vizuri."

Watu wakatazamana. Hilo silo jibu. Mmoja alianza makofi, yakafia mkononi mwake. Mimi nilibaki na sindano yangu, nikijiuliza swali ambalo hata mtoto angejiuliza: huyu kafungwa plasta na nani? Mgeni hakumgusa. Kujifunga hawezi, na anajua hawezi, ndiye anayewakaripia wanaojaribu.

Hakwenda mbali. Kabla wiki haijaisha alikuwa anachechemea tena, na alipovua soksi chooni akaiacha sinkini, nikaiona ina damu. Mahali palepale.

Mchana ule alipokwenda wodini kumpima mgonjwa, niliacha cherehani nikaenda kwenye benchi lake. Sikuwa napekua, nilikuwa natafuta ukweli, na hivyo ni vitu viwili, msinicheke. Chini ya benchi, nyuma ya ndoo ya vipande vya plasta, kulikuwa na kitu kimeviringishwa shali. Shali niliijua. Nikaifungua.

Lilikuwa umbo la kigutu. Zima, halijavunjwa, halijasuguliwa. Vibonyeo viwili, vya kina mno.

Nikaelewa kila kitu nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi. Alikuwa amejaza plasta ndani ya kikombe cha zamani, akalitoa umbo la mguu uleule wa dada, akatengeneza mguu mpya juu yake. Tena alijaza mara mbili, umbo moja la kuvunja na moja la kubaki. Mguu ulikuwa mpya machoni, ila ndani ulikuwa uleule mkubwa, wa kigutu alichokuwa nacho shemeji wakati dada yuko hai. Fundi mzima! Kosa ambalo mtu asiyejua kazi hii hata asingeweza kulifanya.

Nilitaka kukasirika. Hasira ilikuwa tayari, nilishavuta pumzi. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshika lile umbo, na bila kufikiri nikaweka vidole gumba vyangu mle alimoweka dada. Vilikuwa vya baridi, vile vibonyeo. Vidole vyangu ni vinene, havikuenea. Viliingia nusu tu. Lakini kibonyeo kimoja kina mstari mdogo upande, pale kucha yake iliposhika plasta, kucha ile aliyokuwa akiisahau kukata, nami nilikuwa nikimsema. Nikalia, jamani. Sikulia hivyo hata siku ya kuzika. Na ilipofika wakati wa kutoa vidole, nikaona na mimi sitaki kuvitoa.

Niliviringisha shali kama nilivyoikuta. Siku ya mapumziko nikaenda kwake. Mguu mpya ulikuwa kitini, na wa zamani umelala chini ya kiti. Yeye alikuwa anafungua bendeji ya kidonda. Harufu ilikuwa imeanza.

"Nimeliona umbo," nikasema.

Hakuuliza umbo gani. Akaendelea na bendeji yake.

"Shemeji, wewe una akili kweli? Unamwambia kila mtu kigutu kikibadilika—"

"Najua ninayowaambia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Kila nikikanyaga, yupo. Nikikanyaga tena, yupo. Nyumba hii haina sauti, shemeji. Nikiuvua huu usiku sina kitu mpaka asubuhi. Halafu huyo Mgeni aje, aminye vidole vyake vya baridi, mimi nitembee juu ya vidole vya mtu nisiyemjua? Aa, sitaki. Bora waukate."

Nilikuwa na maneno mengi, ya daktari, ya usaha, ya mfupa. Yote alikuwa akiyajua kunishinda. Nikaangalia kile kidonda, nikaangalia pia ya goti lake juu yake, nikasema lililonijia.

"Wakikata juu ya goti, vidole vya dada utaviweka wapi?"

Akasimamisha mkono.

"Nakuuliza. Vinakaa chini ya goti. Goti likienda, mahali pake pamekwenda. Hata ukijaza plasta mara mia hutapata pa kuviweka. Utakuwa umemzika mara ya pili, na safari hii ni wewe."

Akaikunja ile bendeji chafu, akaiweka kando. Mara ya kwanza tangu nimjue niliona mabega yake yakishuka. Akasema, bila kunitazama, "Basi nifunge wewe."

Ah! Nikataka kusema ndiyo. Niseme kweli, moyo uliruka, nikaona kama nimepewa zawadi. Dada ni ndugu yangu, damu moja, nimemwona akifunga maisha yangu yote ya kazi. Lakini nimeshona mikanda ya kutosha kujua mguu haujali huruma ya mtu.

"Thubutu," nikasema. "Nikuharibie goti kwa sababu ya machozi? Atakufunga Mgeni. Mimi nitakaa hapo nikusimange."

Na ndivyo ilivyokuwa, baada ya shemeji kutembelea magongo mpaka daktari aliporidhika na kidonda. Mgeni alimkalisha kwenye kiti kirefu, akamvisha soksi, akazungusha bendeji. Mara ya kwanza akaivua na kuitupa ndooni.

"Mzee, umekaza. Legeza."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza."

Mara ya pili vilevile, msuli umesimama kama mtu anayesubiri kipigo. Mgeni akanitazama. Nikavuta kibao changu nikakaa karibu na kichwa cha shemeji.

"Shemeji," nikamwambia, "unakumbuka ule mkanda uliokuwa unalegea?"

"Mkanda upi?"

"Ule niliokushonea ulipokuwa utingo. Leo umelegea, kesho unabana. Niliupeleka nyumbani nikafungia mlango wa banda la kuku. Haujalegea mpaka leo. Wewe ndiye uliyelegea, bwana! Kila ukipita mlango wa plasta magoti yote mawili yanakuishia nguvu, na moja hata halikuwa na mguu chini yake."

Akacheka. Alianza kwa kukohoa, kisha kifua kikatikisika, kisha akacheka kweli, sauti ambayo nilidhani ilizikwa na dada. Na mwili ukalegea. Mgeni hakupoteza muda, akaweka vidole gumba vyake chini ya pia ya goti, akaminya kiasi, akatulia. Shemeji akaacha kucheka, akafumba macho. Hakukaza tena.

Umbo lilipotoka alilisugua mwenyewe. Safari hii alijaza palipohitaji kujazwa, akapunguza palipohitaji kupunguzwa, kama ambavyo angemfanyia mgonjwa yeyote. Bomba la chuma na ule unyayo wa mpira vikatolewa kwenye mguu wa zamani, maana vifaa ni adimu, hakuna anayezikwa navyo. Plastiki ilipopoa, akachukua patasi akalivunja umbo la Mgeni, pigo kwa pigo, akazoa vipande. Mimi nikamshonea mkanda, mshono wa mara mbili.

Akasimama kati ya reli. Karakana nzima iliacha kazi, maana wote walikuwa wanajua goti lilivyoponea chupuchupu. Akaenda mpaka kwenye kioo. Akageuka. Akarudi bila kushika kitu, mwendo umenyooka, bega halianguki. Sijamwona akitembea vile tangu ujana wake. Akafika katikati akasimama, akauinua mguu kidogo, akaukanyaga. Akaukanyaga tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayebisha hodi. Akaukanyaga mara nyingine.

Mgeni akauliza, "Unasikia nini, mzee?"

Shemeji aliinua uso akanitafuta mimi, kule mlangoni.

"Sisikii kitu," akasema. "Shemeji, sisikii kitu."

Watu wakaangua makofi. Wa benchini, wagonjwa waliokaa wakisubiri, Mgeni na mikono yake myeupe kwa vumbi, wa ofisini wakachungulia mlangoni na wao wakapiga. Yeye amesimama katikati ya reli, machozi yanamtoka, na wao wanadhani ni ya furaha, wanazidisha. Nikaweka sindano chini, nikapiga makofi na mimi. Ndiyo desturi yetu, na aliyeianzisha angetaka nipige.